Fundi Mara Moja na Gauni Lililopwaya

Mimi nauza vifungo, zipu na nyuzi. Mlango wangu unafuatana na wa fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mara Moja, na ukuta unaotutenganisha ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo hakuna anachokisema kule nisichokisikia huku. Sisikilizi kwa makusudi. Ila siwezi kuziba masikio kutwa halafu niwahudumie wateja kwa ishara.

Jina hilo alijipa mwenyewe. Mteja akija anasimamishwa katikati ya chumba, kati ya meza ya kukatia na cherehani, anaambiwa atoe pumzi, kisha Fundi anampitishia tepu: mabega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu. Anaandika kwenye daftari la shule, kila mtu ukurasa wake, analifunga. Baada ya hapo hata umbembeleze vipi hakupimi tena mwaka huo. "Mimi napima mara moja," anasema. "Ukiona fundi anakurudiarudia na tepu, beba kitambaa chako uondoke." Kwa miaka ishirini na tatu mambo yalimwendea hivyo. Nguo zilitoka pale zikiwakaa watu kama walizaliwa nazo, na mimi niliyeuza zipu nilikuwa natembea kifua mbele.

Ana mdogo wake mmoja, Kitinda, mtoto wa mwisho kwao. Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka minane, na Fundi, dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa mguu wa cherehani. Sasa Kitinda ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Ana sauti nyororo na alikuwa na mwili mkubwa tangu utotoni. Utani wa mwili huo aliuzoea mpaka akawa anauanza mwenyewe kabla wengine hawajauanza. Nilikuwa nacheka naye. Leo naona haya nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nacheka.

Alipopata mchumba, mwalimu mmoja mpole anayesalimia mpaka anachosha, Fundi alikataa katakata gauni la harusi kuguswa na mtu mwingine. Ilibaki miezi mitatu. Akampima Kitinda, mara moja, akafunga daftari, akaja kwangu kuchagua zipu iliyofichika ya inchi ishirini na mbili. Alikuwa na furaha hata akasahau kulalamikia bei.

Wiki tano baadaye Kitinda alikuja kujaribu. Gauni lilipwaya. Kiunoni ungeweza kuingiza ngumi na bado ukapata nafasi ya kuizungusha. Kitinda akasema ni matembezi tu, siku hizi anatembea kila asubuhi na wanawake wenzake na kunywa maji ya uvuguvugu. Kweli, uso wake ulikuwa umechongoka, sote tulikuwa tumemsifia. Lakini matembezi ya asubuhi hayaondoi inchi nne kwa wiki tano, na Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana miili ya watu ndiyo kazi yake. Kwa hiyo akaamua kosa ni la tepu.

"Imevutika," aliniambia. "Tepu za plastiki huvutika zikizeeka."

"Tepu ikivutika inasoma pungufu, si nguo itabana?" nikamuuliza. "Wewe unakatia kwa rula ya mbao. Haiwezi kupwaya."

Akaniambia niendelee kuuza vifungo. Akanunua tepu mpya, akapima kaunta yangu, akapima mlango, akapima na mimi nikiwa nimekaa. Vipimo vilikuwa vilevile. Akasingizia kitambaa, kwamba kimelegea. Mwisho akanunua miwani. Jambo moja tu hakulifanya, nalo ni kumsimamisha mdogo wake na kumpima upya. Angefanya hivyo siku ile, hadithi hii ingekuwa fupi sana.

Siku moja mchana, tukiwa tunakula kwenye kaunta yangu, aliacha kula akaitazama mikono yake. "Mama Vifungo," akasema, "nadhani imeanza kunisaliti." Alikuwa na miaka hamsini na moja, na hakuwa na kazi nyingine anayoijua. Niliona ameogopa kweli. Nilimwambia aache upuuzi, lakini sikujua la kumpa zaidi ya hilo.

Ndipo alipokosea. Alilipunguza lile gauni kwa macho, akakata na ziada ya mshono yote ili lisije likapwaya tena. Mimi niliviona vile vipande vya kitambaa sakafuni. Kitinda alipokuja mara ya pili, zipu iligoma mgongoni. Vidole viwili vizima vilibaki kati ya meno ya upande huu na ya upande ule.

 Kisha kutoka nyuma ya pazia la kujaribia nikamsikia Fundi, kwa sauti laini kabisa: "Umeongezeka kidogo, mdogo wangu. Bado wiki sita. Jitahidi."

Alijua anadanganya. Mimi pia nilijua. Ningeweza kupita mlango wa pili nikasema, "Fundi, si ni wewe uliyelikata jana?" Badala yake nilipanga zipu kwa rangi, kazi ambayo nilikuwa nimeimaliza asubuhi. Kitinda alitoka akapita mbele yangu bila salamu, naye si mtu wa kunipita bila salamu. Kesho yake Fundi alifumua gauni, akaunga vipande ubavuni kwa ufundi ambao ni yeye tu anaouweza, na hakuna aliyelizungumzia tena.

Wiki mbili zikapita. Kitinda akaja mara ya tatu, akaingia nyuma ya pazia, na nikasikia kishindo. Nilipofika, Fundi alikuwa ameshampakata kichwa mapajani. Mkoba ulikuwa umemwagika. Kati ya vitana na funguo kulikuwa na kifuko cha kuhifadhi ubaridi, na ndani yake kitu mfano wa kalamu nene, ina namba za kuzungusha upande mmoja na sindano nyembamba upande wa pili.

 Alipozinduka tulimpa maji yenye sukari. Aliitazama kalamu ile, akamtazama dada yake, akaona hakuna pa kukimbilia.

"Ni sindano ya kupunguza uzito, dada. Nachoma tumboni, mara moja kwa wiki. Wala haiumi."

"Umeitoa wapi?"

"Kuna mama anauza vipodozi karibu na kliniki."

"Na daktari amesemaje?"

"Daktari gani?"

Fundi akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyeiuza. Kitinda akaeleza jinsi alivyoelezwa. Mtu akila, utumbo unatoa homoni inayouambia ubongo kwamba basi, inatosha. Homoni hiyo ya mwilini haidumu, inapotea kwa dakika chache. Dawa hii inaiga homoni hiyo, ila yenyewe inabaki mwilini siku nyingi. Ubongo unaamini umeshiba. Na tumbo lenyewe linafanya kazi polepole, chakula kinakaa humo muda mrefu kabla hakijashuka.

"Nakula vijiko vinne, nimeshiba mpaka kesho," alisema. "Kichefuchefu kipo. Choo nacho ni vita. Lakini dada, kichwani kumenyamaza. Hujui. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nawaza chakula nikiwa nakula, nikiwa nasali, nikiwa kazini. Nikimaliza kimoja nawaza kingine. Sasa kimya. Watu wananiambia nina nidhamu. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo maishani."

 Mimi ni mwembamba bila jitihada yoyote, na nimepata sifa nyingi kwa kitu ambacho sikukifanyia kazi.

Fundi akamsimamisha, akachukua tepu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alimpima mtu mara ya pili ndani ya mwaka mmoja. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi saba, lakini si kiuno kilichomkunjisha uso. Aliushika mkono wa mdogo wake juu ya kiwiko, akaubonyeza, akapima, akarudia. "Hapa hayajapungua mafuta," akasema. "Imeisha nyama ya kufanyia kazi. Ulikuwa unaninyanyulia cherehani hii peke yako. Inyanyue sasa." Kitinda hakujaribu hata kuigusa.

Aliomba jambo moja tu, lisitoke pale. Mama mkwe wake mtarajiwa alikuwa amemsifu mbele ya ukoo mzima kwa matembezi yake. Wale wanawake wa asubuhi walikuwa wanamwita Mwalimu. Ikijulikana ni sindano, ataonekana tapeli. "Niapie, dada. Baada ya harusi naacha." Fundi akaapa. Nikaapa na mimi, japo hakuna aliyeniomba.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, Kitinda alishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yakapanda mpaka begani. Alitapika, jasho likamtoka na baridi ikamshika. Mchana tulikuwa hospitalini. Walimpiga picha ya tumbo, wakakuta mawe kwenye kifuko cha nyongo, na kifuko kimevimba. Daktari wa upasuaji akasema watakitoa kesho yake asubuhi. Tangu saa sita mchana asile kitu. Wala hakula, mimi nilikuwepo.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa watu watatu kando ya kitanda: Fundi, mimi niliyeshika mkoba, na mama mkwe mtarajiwa, mwanamke wa maneno machache aliyekuwa anakunja shuka ambalo halikuhitaji kukunjwa. Daktari wa usingizi akaja na fomu yake. Alikuwa kijana, mwanamke, ana haraka lakini hana dharau.

"Dada, kuna dawa yoyote unatumia? Ya presha, ya sukari, ya mitishamba, sindano ya aina yoyote?"

Kitinda alimtazama mama mkwe. "Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Za maumivu tu, mara mojamoja."

Daktari akaandika. Fundi alikuwa anatazama sakafu. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu ili aulize, kwa nini wanasisitiza sana mgonjwa asiwe amekula.

"Akilala usingizi wa dawa, mwili wote unalegea, na koo pia," daktari akasema. "Tumboni kukiwa na chakula, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Watu wanakufa kwa hilo. Ila huyu hajala tangu jana mchana, tumbo lake litakuwa tupu." Akaondoka.

Wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu. Tukawafuata kwenye korido, Kitinda mbele, mama mkwe ameshika reli ya kitanda, Fundi nyuma yao, mimi nyuma ya wote. Niliona Fundi anahesabu kwa vidole. Nilijua anahesabu nini, maana hata mimi maneno yale yalikuwa yananirudia: vijiko vinne, nimeshiba mpaka kesho. Na nitasema ukweli wangu. Mimi nilikuwa tayari kunyamaza. Nilijiambia madaktari wanajua kazi yao, nilijiambia kiapo ni kiapo, nilijiambia kila kitu kinachomfaa mtu mwoga.

Tulipofika kwenye milango miwili ya chumba cha upasuaji, muuguzi akaisukuma kwa mgongo.

"Anachoma sindano ya kupunguza uzito," Fundi akasema.

Hakupaza sauti. Muuguzi hakumsikia vizuri, kitanda kikaendelea kuingia. Aliyemsikia ni mama mkwe.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nimeiona kwa macho yangu. Inazuia chakula kushuka."

Mama yule akakikamata kitanda kwa mikono yote miwili, akakanyaga kile chuma cha breki kana kwamba amefanya kazi pale miaka yote. "Hakiendi popote," akamwambia muuguzi. "Mwite daktari."

Kitinda alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na hakuyafuta.

Daktari wa usingizi alirudi akiwa amevaa kofia ya upasuaji. Hakumgombeza mtu. Alileta mashine ndogo ya picha, akampaka Kitinda mafuta baridi juu ya tumbo, akageuza skrini ili sote tuone. Mimi niliona mawingu tu. Yeye akaweka kidole. "Hiki hapa ni chakula. Kigumu. Hajala kwa saa ishirini na zaidi, ametapika, na bado kipo." Akaondoa kile kifaa tumboni. "Ningemlaza usingizi nacho tumboni."

Upasuaji uliahirishwa. Wakamwekea dripu na dawa za kutuliza uvimbe wa kifuko, wakasema watasubiri, watapiga picha tena, na hata wakimfanyia watatumia njia ya tahadhari kama ya mtu aliyetoka kula. Daktari alitueleza akiwa amesimama. Dawa yenyewe haina ubaya, alisema. Amewaona wagonjwa wa kisukari na wa uzito uliopitiliza ambao imewaokolea miguu, figo na moyo. Lakini hao wanaanza na kipimo kidogo kabisa, wanakipandisha kidogokidogo kwa miezi, wanapimwa damu, wanaambiwa wale vyakula vya kujenga misuli na wafanye mazoezi ya nguvu. Mtu akipungua haraka huku hali chakula cha maana, nyongo inatuama na kugeuka mawe. Wengine kongosho linavimba, na hilo ni baya zaidi. Na akiacha ghafla, uzito mwingi hurudi. Kuacha au kuendelea ni jambo la kupanga na daktari, si la kusubiri harusi ipite.

"Alianza na kipimo gani?" akauliza. Hatukujua. Kitinda aligeukia ukutani.

Mama mkwe alikwenda kumpigia mwanawe simu. Kabla hajatoka alivuta lile shuka, akamfunika Kitinda miguu. Mpaka leo sijui alifikiri nini, na sidhani atamwambia mtu.

Tukabaki watatu. Kitinda akaongea na ukuta.

"Umenivua nguo mbele ya mama mkwe wangu."

"Nimekuvua," Fundi akasema.

"Uliapa."

"Niliapa."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu sitaki kukushonea sanda."

Wodi ilikuwa na vitanda sita, na wa vile vitano vingine wakageuka kututazama. Fundi akavuta kiti, akakaa, mikono mapajani.  Nikamwekea mkono begani, si kwa sababu najua kufariji, bali kwa sababu nilimwona anayumba.

 Chupa ya dripu ilikuwa imefika nusu wakati Kitinda alipogeuka.

"Mwite yule daktari," akasema. "Kuna kitu sikumwambia. Nilikuwa nachoma mara moja kwa wiki, na kile kipimo kidogo, kama yule mama alivyonielekeza. Kisha nikaongeza. Nikazungusha mpaka namba ya mwisho, na nikachoma mara mbili ndani ya wiki moja. Wiki iliyofuata hivyohivyo."

"Kwa nini?" Fundi akauliza.

"Ile siku zipu ilipogoma. Nilidhani dawa imeacha kufanya kazi. Wewe hujawahi kukosea kipimo, dada. Uliposema nimeongezeka, nilijua nimeongezeka."

Nilitazama dirishani. Nilitamani niwe dukani kwangu, nyuma ya ukuta wangu, nipange zipu.

Fundi alisimama. Nilidhani anakwenda kumwita daktari, lakini alibaki pale, ameshika chuma cha kitanda.

"Hukuwa umeongezeka," akasema. "Ulikuwa umepungua. Nililikata gauni kupita kiasi kwa macho yangu, sikukupima, na nikaona aibu kukwambia. Nikakutupia wewe."

 Kitinda akanyoosha ule mkono wake mwembamba uliofungwa dripu, akamshika dada yake kidole kimoja, kama mtoto anayevushwa barabara.

"Mwite daktari," akasema. "Umwambie na hilo."